Kuanza Kilimo Hai: Udongo Kwanza, Mmea Baadaye

Wengi wanaotaka kuanza kilimo hai huuliza kwanza watumie dawa gani badala ya viuatilifu vya viwandani. Swali hilo ni la msingi, lakini huja mapema mno, kwa kuwa afya ya mmea hutegemea sana udongo uliouotesha, na udongo uliochoka hauponywi na dawa yoyote ya kunyunyizia majani.

Anza na tuta moja au mawili, yenye upana usiozidi mita 1.2, ili uweze kufika katikati kwa mkono bila kuyakanyaga. Utambue udongo wako kwa kujaza nusu ya chupa ya kioo, kuongeza maji, kuitikisa kwa nguvu na kuiacha itulie. Mchanga hutua ndani ya dakika chache, chembe za wastani hufuata baada ya saa kadhaa, na mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Unene wa kila tabaka utakuonyesha iwapo shamba lako ni la kichanga kisichoshika maji au la mfinyanzi unaotuamisha maji. Yote mawili hurekebishwa kwa mboji, yaani mbolea ya mabaki ya mimea na samadi yaliyooza.

Mboji ndiyo kazi inayostahili uangalifu wako wote. Changanya maada kavu yenye kaboni nyingi, kama majani makavu na mabua yaliyokatwakatwa, na maada mbichi yenye naitrojeni, kama nyasi mbichi, maganda ya mboga na samadi. Kipimo rahisi ni sehemu 2 hadi 3 za kavu kwa sehemu 1 ya mbichi, kwa ujazo. Lundo liwe na urefu, upana na kimo cha takriban mita 1, kwani likiwa dogo hupoteza joto upesi. Ukifinya konzi ya maada hiyo, iwe na unyevu wa kutoa tone moja au mawili tu. Lundo likienda vizuri hupanda joto hadi nyuzi 55 au zaidi za Selsiasi, joto ambalo likidumu kwa siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya magonjwa. Ligeuze kila wiki ili hewa ipenye, ukileta nje yale yaliyokuwa ndani. Likinuka, limekosa hewa au limezidi ubichi: ongeza maada kavu. Lisipopata joto, angalia maji kwanza, kisha naitrojeni. Usitie nyama, mafuta wala kinyesi cha mbwa na paka. Mboji iliyoiva huwa nyeusi, hunukia udongo, na huwezi tena kutambua ilitokana na nini; kwa uangalizi mzuri huchukua miezi 2 hadi 4.

Samadi mbichi ina masharti yake. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka ichanganywe udongoni angalau siku 120 kabla ya kuvuna mazao ambayo sehemu yake ya kuliwa hugusa udongo, na siku 90 kwa mengine. Ni tahadhari ninayoiunga mkono hata kwa bustani ya nyumbani.

Baada ya kupanda, funika udongo kwa matandazo, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Usirudishe mazao ya familia moja mahali pamoja msimu baada ya msimu: nyanya, biringanya na pilipili ni ndugu, na magonjwa yao ya udongoni ni yale yale. Jamii ya mikunde ipewe zamu yake, kwa kuwa bakteria walio katika vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni kutoka hewani.

Kula kwa msimu hupangwa siku ya kupanda. Mboga zinazokomaa upesi zisipandwe zote kwa wakati mmoja. Panda mstari mfupi kila baada ya wiki 2, ili mavuno yafuatane. Andika daftarini tarehe ya kupanda, ya kuvuna na ya wadudu kuonekana, kwa sababu kalenda hiyo ya shamba lako itakufaa kuliko maelekezo ya jumla yaliyochapwa kwenye pakiti ya mbegu.