Namna ya Kuutazama Mchoro wa Hukumu ya Mwisho

Wageni wengi wanaoingia Kikanisa cha Sistina, Vatikani, huinua macho darini kwanza. Anayetaka kuelewa ugomvi uliozuka juu ya Hukumu ya Mwisho, ambayo Michelangelo aliichora kati ya 1536 na 1541 kwenye ukuta wa nyuma ya altare, na aanzie chini kabisa, pembe ya kulia.

Hapo yupo Minosi, hakimu wa kuzimu, mwenye masikio ya punda, na nyoka aliyemviringa mwilini anamng'ata sehemu za siri. Inasimuliwa kwamba sura hiyo ni ya Biagio da Cesena, msimamizi wa ibada za Papa, aliyesema kuwa watu uchi namna ile wanafaa kuchorwa kwenye hamamu na vilabu vya pombe. Alipolalamika, Papa Paulo III alimjibu, yasemekana, kwamba angekuwa toharani angemsaidia, lakini kuzimu hakuna ukombozi.

Kisha panda hadi kwa Kristo, ambaye hana ndevu, na uwachunguze malaika, ambao hawana mabawa. Mwaka 1564 padre Giovanni Andrea Gilio aliyashutumu mambo kama hayo, akahoji hata kwa nini nguo zinapepea ilhali siku ya hukumu upepo utakuwa umetulia. Ni hoja ya mtu aliyetazama kwa makini kuliko wengi wanaousifu mchoro huu.

Upande wako wa kulia unapomtazama Kristo, mtafute Mtakatifu Katarina mwenye gurudumu lililovunjika, na nyuma yake Mtakatifu Blasi. Tazama hapa bila haraka, ikiwezekana kwa darubini ndogo. Katarina alikuwa uchi, na Blasi alimwinamia kwa namna iliyowakera watu. Baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mchoraji Daniele da Volterra aliagizwa kuusitiri mchoro. Sehemu hiyo aliibandua pamoja na lipu yake, akaichora upya, Katarina akiwa na gauni la kijani na Blasi akigeukia kwa Kristo. Ili uione hali ya awali, linganisha na nakala ya mchoraji Marcello Venusti ya 1549, iliyoko katika makumbusho ya Capodimonte, Napoli.

Kwingineko Daniele alichora vitambaa vya kusitiri uchi juu ya lipu iliyokwisha kukauka. Katika usafishaji uliokamilika 1994, mafundi waliondoa vingi vilivyoongezwa baadaye, wakaviacha vya karne ya 16. Naona walifanya vema, kwa kuwa bila vitambaa hivyo ugomvi wenyewe usingeonekana ukutani.