Jinsi ya kupokea klirensi ya kuondoka bila kupishana na mnara

Wadau mnaosomea urubani, na hata nyie mliopata leseni juzijuzi, kabla hujabonyeza redio kuongea na mnara, yaani waongoza ndege wa uwanja, hili likukae kichwani: klirensi ya njia sio ruhusa ya kuruka. Klirensi ya njia inakwambia tu ukishakuwa hewani upite wapi na upande mpaka wapi, basi. Ruhusa ya kuruka inakuja peke yake, inataja namba ya ranwei (barabara ya kurukia), na kama hujaisikia basi hujapewa, hata kama umeshajipanga na injini zinaunguruma.

Klirensi omba ukiwa bado umepaki, sio unatembeza ndege huku macho yako nje. Shika kalamu, andika mambo matano kwa kushuka chini: mwisho wa klirensi (unaruhusiwa kufika wapi), njia, mwinuko wa kwanza, frikwensi, namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada). Acha nafasi mbele ya kila kimoja ili mtu wa mnarani akianza kuongea wewe unajaza tu, maana wengine wanaongea mbio balaa. Halafu namba ya transponda ina tarakimu nne na zote ni 0 mpaka 7, ukikuta umeandika 8 au 9 ujue umesikia vibaya, uliza.

Sasa ridbaki, yaani kumsomea mnara klirensi aliyokupa. Hapa ndo watu wanaumia. Soma kilichoandikwa kwenye karatasi, usisome ulichozoea. Mimi nikiwa mwanafunzi tulikuwa tunapewa futi 7,000 karibu kila asubuhi, siku moja dada wa mnarani akasema 6,000, mkono ukaandika 6 lakini mdomo ukasoma 7, akanikata palepale, na namshukuru mpaka leo. Kwa hiyo ukimaliza kusoma nyamaza umsikilize, mpaka athibitishe umesoma sawa. Na usijibu "roger" halafu ukakaa kimya, hilo neno linasema nimekusikia, halisemi umesikia nini.

Kwa nini nakazia hivi? Kisiwa cha Tenerife, Hispania, tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, ukungu mzito. Boeing 747 ya KLM, shirika la Uholanzi, imejipanga kuruka, 747 ya Pan Am, shirika la Marekani, bado inatembea kwenye ranwei hiyohiyo. Kapteni wa KLM akasukuma throto (mikono ya nguvu za injini), rubani msaidizi akamzuia, bado hatuna klirensi. Kapteni akaacha, akamwambia haya omba. Mnara ukawapa klirensi ya njia, na ndani yake kulikuwa na maneno "right turn after takeoff" (pinda kulia baada ya kuruka), yaani neno la kuruka lilikuwemo ila ruhusa ya kuruka haikuwemo. Msaidizi anasoma ridbaki, hata hajamaliza kapteni ameshaachia breki, basi akamalizia na "we are now at takeoff". Hebu jiweke wewe mnarani, huoni kitu kwa ukungu, hiyo sentensi utaielewaje? Tuko tayari kuruka, au tunaruka? Mnara ukajibu "OK", kisha ukamwambia asubiri, ataitwa, lakini sekunde hizohizo Pan Am nao wakabonyeza kusema bado tuko kwenye ranwei, sauti mbili zikagongana, KLM wakasikia ile "OK" halafu mlio mkali. Fundi mitambo wao akauliza kama Pan Am ameshatoka, kapteni akajibu ndiyo. Watu 583 wakafa.

Baada ya pale ndo ikaja kanuni tunayoitumia: neno "takeoff" linatamkwa wakati wa kutoa ruhusa ya kuruka yenyewe au kuifuta tu. Kwingine kote ni "departure". Ukiwa tayari sema "ready for departure", na zoea hivyo hata kwenye ndege ndogo ya watu wawili, maana ulimi ukishazoea vibaya unatoka na lile ulilozoea siku umechoka. Na ukiambiwa "line up and wait" unaingia ranwei unasimama, mguu kwenye breki.

Ukisikia ule mlio wa sauti kugongana, hesabu kwamba hujasikia chochote, usiokoteze neno moja lililopita ukaenda nalo, mwambie "say again", yaani rudia. Usiogope kwamba frikwensi ina watu wengi.

Na wewe unayekaa kiti cha kulia, hili naliongea kwa uchungu kabisa, yule msaidizi wa KLM alimzuia kapteni mara ya kwanza na ikafaa. Mara ya pili ndege ilikuwa inasogea hakusema tena. Kubalianeni na kapteni wako mkiwa bado mmepaki: mmoja wetu akisema sijasikia ruhusa, throto zinarudi nyuma kwanza, maelezo baadaye, bila kujali nani ana masaa mengi zaidi.