Nani Anajua Kwamba Huu ni Mchezo? Namna ya Kuvipata Vichekesho Vinavyovaa Sura ya Vipindi vya Uhalisia

Huduma za kutazama runinga kwa intaneti hupanga kazi zake kwa mafungu: vichekesho huku, vipindi vya uhalisia kule, makala za maisha halisi pembeni. Kazi zinazozungumziwa hapa hazikai vizuri katika fungu lolote kati ya hayo, na ndiyo maana mtu anaweza kulipia huduma hizo mwaka mzima bila kukutana nazo. Ni vichekesho vinavyoazima kila kitu cha kipindi cha uhalisia, yaani kamera inayotikisika, mahojiano ya faragha, zawadi ya fedha na machozi ya anayetolewa, kisha vikatumia vitu hivyo kumchekesha mtazamaji na mara nyingine kumtia wasiwasi. Anayetaka kuvitafuta hana budi kuanza na swali ambalo huduma hizo hazimuulizi: miongoni mwa watu wanaoonekana kwenye skrini, ni nani anayejua kwamba huu ni mchezo?

Swali hilo lina majibu matatu, na kila jibu lina njia yake ya utafutaji.

Jibu la kwanza ni kwamba wote wanajua. Kila anayeonekana ni mwigizaji, ila kipindi chenyewe kinajifanya kimepigwa picha maishani. Mfano unaofahamika kuliko yote ni The Office ya Ricky Gervais na Stephen Merchant, iliyoanza BBC Two mwaka 2001. Waingereza walikuwa wametoka katika miaka kadhaa ya makala za mfululizo zilizowafuata watu wa kawaida kazini, katika viwanja vya ndege, hotelini na hata katika masomo ya udereva, na baadhi ya watu hao wakageuka mashuhuri ghafla. The Office iliigiza makala za aina hiyo kwa uaminifu mkubwa. Sehemu mbili za Krismasi za mwaka 2003 ndizo zinazoonyesha jinsi watungaji wake walivyoielewa mada yao: meneja David Brent, akiwa amekwisha kuonekana kwenye runinga, anajaribu kuishi kwa umaarufu ule mdogo alioupata, akizungushwa katika kumbi za starehe ambako hakuna anayemtaka. Wengi huishia misimu miwili na kuziacha sehemu hizo, nami naona ni hasara.

Kuzipata kazi za jibu hili ni rahisi, kwa kuwa karibu kila muundo mkubwa wa kipindi cha uhalisia umepata wa kuudhihaki. Cops, kipindi cha Marekani kilichoanza mwaka 1989 kikiwafuata askari doria, kilipata Reno 911! mwaka 2003. The Bachelor, ambamo wanawake wengi humshindania mwanamume mmoja, ilipata Burning Love mwaka 2012. Mfululizo wa The Real Housewives, unaoonyesha ugomvi wa wake wa matajiri, ulipata dhihaka yake hapa Afrika Mashariki katika The Real Househelps of Kawangware, kichekesho cha Kenya cha miaka ya 2010 kilichowaweka wasaidizi wa nyumbani mahali pa wake hao na kuwapa nafasi ya kuieleza kamera moja kwa moja yanayotendeka majumbani mwa waajiri wao. Dhihaka hiyo inauma zaidi ya ile ya Marekani, kwa sababu anayesema na kamera ni mtu ambaye kwa kawaida hapewi kamera. Kwa hiyo, anza na kipindi cha uhalisia unachokijua vizuri, andika jina lake katika mtambo wa kutafutia pamoja na neno parody (dhihaka) au mockumentary (kichekesho kinachojifanya makala ya maisha halisi), kisha soma majina yanayojitokeza. Usianze na dhihaka ya kipindi usichowahi kukiona, maana utamwona mtu akiiga sauti ambayo hujapata kuisikia.

Kabla ya kuliacha kundi hili, itafute The Comeback ya HBO, kituo cha runinga cha Marekani, ya mwaka 2005. Lisa Kudrow anaigiza mwigizaji aliyesahauliwa ambaye anakubali kufuatwa na kamera za kipindi cha uhalisia huku akirudi kazini, na tunachoonyeshwa sisi ni picha ghafi ambazo bado hazijahaririwa, pamoja na maombi yake kwamba jambo hili au lile lisitumike. HBO iliisimamisha baada ya msimu mmoja na kuirudisha mwaka 2014. Ni kazi ngumu kuitazama mfululizo, kwa sababu fedheha yake haina mahali pa kupumzikia, lakini hakuna nyingine inayoeleza vizuri zaidi jinsi mhariri anavyoweza kumgeuza mtu kuwa kituko.

Jibu la pili ni kwamba wote wanajua isipokuwa mmoja, au wachache. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki aliyeifuatilia Big Brother Africa, ambayo Watanzania wawili waliwahi kuishinda, Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan, ambaye leo anafahamika kama mchekeshaji, mwaka 2014, amekwisha kufanya nusu ya kazi. Anaijua nyumba iliyofungwa, anaujua usiku wa kumtoa mtu, anamjua mshiriki mchochezi na mshiriki mpole. The Joe Schmo Show ya mwaka 2003 ilichukua nyumba ya namna hiyo na kuijaza waigizaji waliopewa kila mmoja tabia yake, kisha ikamwingiza kijana mmoja aliyeamini kwamba anashindana na watu wa kweli. Kilichotokea hakikutarajiwa na walioiandaa: kijana huyo alikuwa mwema kiasi kwamba waigizaji wenyewe walianza kuona uchungu wa kumdanganya. Channel 4 ya Uingereza ilikwenda mbali zaidi mwezi Desemba 2005 kwa Space Cadets, ambayo iliwafanya washiriki waamini kwamba wamepelekwa Urusi kujifunza kazi ya wanaanga na kisha kurushwa angani, ilhali hawakutoka Uingereza; walikuwa katika kambi ya zamani ya jeshi la anga huko Suffolk.

Katika kundi hili ni lazima mtazamaji apime jambo moja zaidi, nalo ni kile anachochekwa yule asiyejua. Space Cadets, kwa maoni yangu, inacheka ujinga wa watu waliochaguliwa kwa sababu ni wepesi wa kuamini, na ucheshi wake huisha mapema. Jury Duty, iliyotolewa Aprili 2023 kwa sehemu nane, inafanya kinyume chake. Mtu mmoja aliyeitikia tangazo anaambiwa kwamba anashiriki katika makala kuhusu baraza la wazee wa mahakama nchini Marekani, lakini hakimu, mawakili, mdai, mdaiwa na wajumbe wenzake wote ni waigizaji, akiwamo James Marsden anayejiigiza mwenyewe kama nyota mwenye majivuno. Matukio yanazidi kuwa ya ajabu, naye kila mara anachagua kumsaidia aliyekwama, hata kicheko kinawaangukia wanaojua badala ya asiyejua. Mwishoni anaambiwa ukweli na kupewa dola 100,000. Mwaka huohuo Jury Duty iliteuliwa kuwania Emmy, tuzo ya runinga ya Marekani, ya kichekesho bora.

Kazi za jibu la pili hazipatikani kwa urahisi kwa jina la muundo, kwa kuwa zenyewe huishi kwa kujificha. Zitafute kwa majina ya watu. Mwisho wa sehemu ya kwanza ya kazi uliyoipenda, usiruhusu huduma ikurushe kwenye kipindi kingine. Acha orodha ya majina ipite, uandike ya waasisi na watayarishaji wakuu, kisha uangalie walifanya nini kabla na baada. Lee Eisenberg na Gene Stupnitsky walioiasisi Jury Duty walikuwa waandishi wa The Office ya Marekani, kwa hiyo njia inayokutoa katika kundi la kwanza hadi la pili imeandikwa palepale kwenye skrini. Waasisi wa Joe Schmo, Rhett Reese na Paul Wernick, ndio walioandika baadaye filamu ya Deadpool.

Jibu la tatu ndilo linalonivutia zaidi: hakuna mwenye uhakika, pamoja na mtazamaji. Jina la kufuata hapa ni la Mkanada Nathan Fielder. Katika Nathan for You, iliyorushwa na Comedy Central kuanzia mwaka 2013 hadi 2017, alijifanya mshauri wa biashara na kuwapa wafanyabiashara wa kweli mawazo ya kipuuzi kwa uso mkavu. Mwaka 2014 alifungua mkahawa mjini Los Angeles ulioiga Starbucks, mikahawa maarufu ya kahawa ya Marekani, kwa kila kitu isipokuwa neno dumb, yaani pumbavu, lililotangulia kila jina, akidai kwamba ni kazi ya dhihaka inayolindwa na sheria. Watu walipanga foleni ndefu, hadi maofisa wa afya walipoufunga kwa kukosa kibali. The Rehearsal ya HBO, mwaka 2022, inamjengea mtu nakala kamili ya mahali atakapokabiliwa na jambo zito maishani mwake ili alifanyie mazoezi kwanza, na msimu wa pili wa mwaka 2025 unayapeleka mazoezi hayohayo ndani ya chumba cha marubani, ukiuliza kwa dhati kwa nini rubani msaidizi huogopa kumpinga nahodha.

Unapozitazama kazi hizi, chunguza kamera ilipo. Ikiwa mtu anaingia chumbani ghafla na kamera tayari inamsubiri ndani, kuna aliyejua kwamba atakuja. Sikiliza pia maneno ya chini wakati mtu anapotiwa kipaza sauti au kutia saini karatasi za ridhaa, maana Fielder huacha makusudi yale ambayo vipindi vingine hukata. Washa maandishi ya Kiingereza hata kama unakisikia vizuri, kwa kuwa nusu ya ucheshi iko katika kigugumizi na sentensi zisizomalizika. Usisome uchambuzi wowote kabla ya kuona walau sehemu mbili, kwani sehemu ya kwanza mara nyingi hutumika kukupotosha.

Kuhusu upatikanaji, kazi za HBO hubadilika huduma kutoka nchi moja hadi nyingine, na zile za mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa Space Cadets, huenda zikakulazimu kutosheka na vipande. Kwa anayeanza, ningependekeza Jury Duty, ambayo haimwachi mtazamaji na uchungu, kisha Nathan for You kuanzia msimu wa kwanza hadi sehemu yake ya mwisho ya mwaka 2017, Finding Frances, yenye urefu wa filamu. Baada ya hapo ndipo ije The Rehearsal. The Curse ya mwaka 2023, ambamo Fielder na Emma Stone ni mume na mke wanaotengeneza kipindi cha uhalisia kuhusu nyumba huko New Mexico, ni maigizo matupu tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini iache iwe ya mwisho, kwa sababu asiyeona zilizotangulia ataichukua kama tamthilia ya ndoa tu.