Biskuti za siagi za kunywea chai, vitu vitatu tu

Hizi biskuti nimezipika mpaka siangalii tena vipimo popote, maana namba zenyewe ni 1, 2, 3. Sukari gramu 100, siagi gramu 200, unga wa ngano gramu 300, basi. Ukitaka kidogo unagawa, ukitaka nyingi unazidisha. Hakuna yai, hakuna maziwa, hakuna baking poda, na kabla hujauliza, hapana sijasahau, hizi hazitakiwi kuumuka. Ulaini wake wote unatoka kwenye siagi kwahiyo usibanie hapo. Vipimo hivyo vinatoa kama biskuti 80 ndogo, zinatosha chai ya siku kadhaa kama uko peke yako na una nidhamu (mi sina).

Kama huna mizani tumia kikombe cha kupimia: sukari nusu kikombe, siagi kikombe kimoja ila kisijae kabisa, unga vikombe viwili na nusu. Unga uchote kwa kijiko uumwagie kwenye kikombe alafu sawazisha juu kwa kisu, usichovye kikombe ndani ya mfuko maana unashindilia na unga unazidi sana, biskuti zinatoka kavu unaanza kulaumu oveni bure.

HATUA YA 1: siagi

Toa siagi kwenye friji mapema, kama saa nzima kabla, ikae mezani mpaka ukiibonyeza kwa kidole kinaacha shimo lakini siagi bado imesimama. Ilainike, isiyeyuke. Mara ya kwanza mi nilikuwa na haraka nikaiweka kwenye mikrowevu ikawa mafuta, nikasema si siagi ni ile ile tu, nikaendelea. Zilipoingia kwenye oveni zote zikatambaa zikakutana, nikatoa trei moja ya biskuti moja kubwa. Siagi ikiwa ngumu kidogo inachukua muda kuyeyuka ndani ya oveni, na huo muda ndio unga unaoutumia kujishika, sasa ukiingiza imeshayeyuka hakuna cha kuishikilia.

Majarini inakubali pia ila angalia ni ipi. Ile ya kipande kigumu ya kupikia ni sawa, ladha tu inapungua, lakini ile laini ya kopo ya kupaka mkate achana nayo, nyingi zina maji mengi na mafuta machache.

HATUA YA 2: siagi na sukari

Weka kwenye bakuli, piga kwa mwiko au mashine dakika mbili tatu mpaka rangi ipauke na mchanganyiko uwe laini. Usipige dakika kumi kama unatengeneza keki, hewa ikiwa nyingi biskuti zinavimba alafu zinasinyaa. Sukari ikiwa ya punje kubwa isage kwanza kwenye blenda, ukitumia ile ya unga kabisa biskuti zinakuwa laini zaidi zinayeyukia mdomoni, ukitumia ya punje ndogo zinakuwa na kale ka mkwaruzo kazuri. Mi napenda ya punje ndogo. Tia chumvi kidogo tu kwa ncha za vidole, kama siagi yako ina chumvi tayari ruka hapo. Vanila kijiko kimoja cha chai kama unayo.

HATUA YA 3: unga, na hapa ndo wengi wanaharibu

Chekecha unga uumwage wote kwa pamoja, alafu changanya kwa mwiko taratibu. Mwanzoni itaonekana kama mchanga mkavu na utashawishika kuongeza maziwa au maji. USIONGEZE. Ingiza mkono, bonyeza bonyeza tu, joto la vidole litalainisha siagi na donge litajikusanya lenyewe. Likishashikana acha hapo hapo, yani acha kabisa. Hii sio chapati wala mkate, ukikanda unga wa ngano unatengeneza gluteni, zile nyuzi zinazofanya mkate uvutike, na kwenye biskuti kuvutika hatukutaki, utapata kitu kigumu cha kutafuna mpaka taya ziume.

HATUA YA 4: baridi

Najua watu wanapenda kusukuma na kukata maua na nyota, fanya kama una watoto wa kuwafurahisha. Mi navingirisha donge liwe kama gogo la unene wa sentimita 4 hivi, nalifunga kwenye nailoni, friji dakika 30 mpaka saa moja. Likiwa gumu unakata kwa kisu kikali vipande vya nusu sentimita, hakuna kusukuma, hakuna unga mezani, hakuna mabaki ya kukusanya upya. Jaribu vilingane unene la sivyo vyembamba vitaungua wakati vinene bado vinawaza. Na kila ukikata vipande vichache lizungushe gogo kidogo, lisilale upande mmoja tu likawa bapa.

Pia gogo hilo linakaa kwenye friza mwezi, hata miwili, bila shida. Kwahiyo siku umechoka unakata vipande vitano tu wakati maji ya chai yako jikoni. Hii kwangu ndio faida kubwa kuliko zote kwa kweli.

HATUA YA 5: kuoka

Washa oveni mapema nyuzi 170, kama ina feni weka 160. Karatasi ya kuokea kwenye trei, panga ukiacha nafasi ya kidole kimoja, dakika 12 mpaka 15. Kuanzia dakika ya 10 simama hapo, usiende kuangalia simu.

Sasa sikiliza, zitoe wakati unahisi bado hazijaiva. Kingo ziwe zimeanza kupata rangi ya dhahabu hafifu, katikati bado zimepauka, na ukigusa ni laini kabisa. Ndivyo zinavyotakiwa kuwa! Siagi ndani bado ni kimiminika, ikipoa inaganda na biskuti inakaza. Ukisubiri zikaze zikiwa ndani ya oveni umeshachelewa, zikipoa ni mawe. Ziache kwenye trei dakika 5 hadi 10 bila kuzigusa maana zikiwa moto zinavunjika, ndo uhamishie kwenye waya zipoe.

Huna oveni? Sufuria zito lenye mfuniko, weka kitu cha chuma chini kuinua trei ndogo isiguse kitako, pasha dakika 10 kwa moto mdogo alafu ingiza. Zinachukua muda zaidi, kama dakika 20 na kitu, zikaguliwe mara kwa mara, chini zitapata rangi na juu zitabaki nyeupe, ladha ipo vile vile.

Kuhifadhi: kopo lenye mfuniko wa kubana, ila zipoe KABISA kwanza, ukifunga zikiwa na uvuguvugu mvuke unarudi ndani zinalegea. Zikishalegea zirudishe oveni nyuzi 150 dakika 5, ziache zipoe, zinakuwa freshi tena.

Ukizizoea unaweza kutia ganda la limau lililokwaruzwa, au mdalasini nusu kijiko cha chai, kimoja kwa wakati sio vyote. Na kwa wale wenzangu wa kuchovya, katia vipande vinene kidogo na oka dakika mbili tatu zaidi, maana hii biskuti ina siagi nyingi na chai ya moto inaiyeyusha haraka, hesabu moja, mbili, toa. Ukifika tatu andaa kijiko cha kuivulia.