Jogoo anawika, jirani halali: namna ya kushughulikia kelele za mifugo

Nafuga kuku na ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo hunijia watu wa pande zote mbili: anayekosa usingizi na anayelalamikiwa. Wote nawaambia waanze kwa kuomba nakala ya sheria ndogo za eneo lao zinazohusu kero na ufugaji.

Ukiipata, usitafute neno "kelele" peke yake. Angalia ardhi yenu imetengwa kwa kilimo au kwa makazi, maana sauti ileile huweza kuruhusiwa huku na kukatazwa kule. Angalia saa za utulivu, idadi ya majogoo au mifugo inayoruhusiwa, na umbali wa banda kutoka mpakani. Mahali pengi hakuna kiwango cha desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Kinachopimwa ni muda, saa, marudio, na kama mtu wa kawaida anayeishi mahali kama hapo angevumilia.

Mfugaji, hapa nisikilize vizuri. Ni kweli kwamba majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria za kulinda mashamba dhidi ya kesi za kero. Ni kweli pia kwamba mwaka 2019 mahakama ya Rochefort, Ufaransa, ilimruhusu jogoo Maurice wa kisiwa cha Oléron aendelee kuwika, na mwaka 2021 nchi hiyo ikatunga sheria inayotambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi. Lakini kinga ya namna hii kwa kawaida ni ya shughuli halali zinazoendeshwa inavyopaswa, na mara nyingi inategemea nani alitangulia kuwapo. Usiitegemee kumtetea mbwa aliyefungwa mnyororo anayebweka usiku kucha.

Wewe unayelalamika, fungua daftari. Andika tarehe, saa kelele ilipoanza na ilipokoma, mnyama gani, na ulikuwa chumba gani. "Kila siku wanapiga kelele" haimsaidii ofisa yeyote. "Mbwa alibweka kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi" inamsaidia. Rekodi sauti ukiwa kwako, dirisha likiwa kama unavyoliacha siku zote.

Kisha nenda ukazungumze, mchana, ukiwa umetulia, na uombe jambo moja linalotekelezeka. Kumwambia mtu awaondoe kuku wake ni kufunga mazungumzo kabla hayajaanza.

Kwa upande wa mfugaji, nafuu kubwa hupatikana kwa kutafuta chanzo. Kuhusu jogoo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya walionyesha mwaka 2013 kwamba kuwika alfajiri kunaongozwa na saa ya ndani ya mwili. Kutia banda giza kunaweza kupunguza, kwa sababu mwanga nao humchochea, ila hakutamnyamazisha. Majogoo pia huchocheana, kwa hiyo punguza idadi yao. Kuku hutaga bila jogoo; unamhitaji tu ukitaka vifaranga. Hamisha banda ukiweza. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, na hata kugeuza mlango usielekee chumba cha jirani kunasaidia.

Ndama anayeachishwa kunyonya hulia siku kadhaa, na mama yake naye. Watenge kwa uzio imara unaowawezesha kuonana na kugusana pua. Vilio hupungua, na ndama hawadhoofiki sana. Wajulishe majirani kabla ya siku hizo. Mara nyingi mtu huvumilia jambo analojua litakwisha lini. Ng'ombe anayelia saa ya kukamuliwa ikipita, punda aliye peke yake, mbwa mwenye njaa: hao wanasema wana shida, na kuiondoa shida hiyo ni wajibu wako hata kama hakuna aliyelalamika.

Mkishindwa kuelewana, ombeni usuluhishi kabla ya kupeleka malalamiko rasmi, na mahakama iwe ya mwisho kabisa. Mkielewana, andikeni: banda litahamia wapi, majogoo wangapi, mbwa atafungiwa wapi usiku. Wekeni na tarehe ya kuyapitia makubaliano hayo upya, hasa kama mifugo itaongezeka au jirani anakusudia kujenga chumba upande wa banda.