Pembetatu pacha: fungua bikari mara moja tu

Kabla hujachora chochote, shika bikari uitikise. Miguu ikicheza, kaza skrubu ya juu. Bikari nyingi za kwenye mikebe ya wanafunzi zina bawaba legevu, na hilo lilikuwa nusu ya tatizo la mpwa wangu wa darasa la sita aliyenifuata kibandani ninakochania mbao, na daftari lililofutwa mpaka karatasi imetoboka.

"Shikamoo mjomba. Hizi pande zinakataa kulingana."

Swali lilitaka pembetatu pacha yenye kitako cha sm 8 na pande mbili za sm 5 kila moja. Yeye alichora kitako, akaegemeza rula mwisho wa kushoto akapima sm 5 kwa kukisia inakoelekea, akahamia kulia, sm 5 tena. Ncha zikapishana. Akalaza kidogo, zikapishana upande mwingine. Kwa njia hiyo utakesha.

Mimi ni fundi wa kupaua. Kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ya nyumba ya migongo miwili ni pembetatu pacha tupu, na nimezichora nyingi kuliko mwalimu wake, ila zangu nachora chini kwenye zege. Nikamwambia rula aiweke pembeni, ataihitaji kidogo tu.

Karatasi iweke juu ya kipande cha boksi, maana ncha ya bikari lazima izame. Kwenye meza ngumu inateleza. Chonga penseli mpaka iwe kali. Chora mstari, weka A na B zikiachana sm 8. Halafu pima upana wa bikari kwenye rula, sm 5. Usianzie kwenye sifuri, rula za plastiki huliwa ukingoni. Anzia kwenye 1, uishie kwenye 6. Ukishafungua, usiguse tena miguu. Ishike kichwani, pale kwenye kijiti, uizungushe kwa vidole viwili.

Chomeka ncha kwenye A, piga tao juu ya mstari, refu kuliko unavyodhani litahitajika. Hamia B na upana ule ule, piga tao la pili. Yanapokatana andika C. Unganisha A na C, kisha B na C. Basi.

Mpwa wangu akaniangalia kama nimemfanyia mazingaombwe. Lakini tazama: kila nukta ya tao la kwanza iko sm 5 kutoka A, na kila nukta ya tao la pili iko sm 5 kutoka B. C imekaa juu ya matao yote mawili, kwa hiyo iko sm 5 kutoka A na sm 5 kutoka B. Hata ungefungua bikari bila kusoma namba yoyote, pande hizo zingelingana tu. Ndiyo maana Wagiriki wa kale waliridhika na rula isiyo na alama: kazi ya rula ni kunyoosha mstari, kazi ya bikari ni kubeba urefu.

Akauliza, tukifungua sm 3 je? Nikamwacha ajaribu. Matao hayakuonana. Upana wa bikari lazima uzidi nusu ya kitako. Kwa kitako cha sm 8, ukifungua sm 4 kamili matao yanagusana katikati ya mstari na pembetatu inalala chini. Ukifungua sm 8, pande zote tatu zinalingana, nayo ni pembetatu sawa. Hiyo ndiyo mchoro wa kwanza kabisa ambao Euclid wa Aleksandria alionyesha katika kitabu chake cha jiometri, yapata mwaka 300 KK.

Sasa kagua. Kwanza kunja karatasi ili A iiangukie B. Mkunjo ukipita C, uko sawa. Pili, tafuta kimo. Fungua bikari zaidi ya nusu ya kitako, kutoka A piga tao juu na chini ya mstari, fanya vivyo hivyo kutoka B, unganisha makutano mawili. Mstari huo unakata kitako katikati, iite D, na unakisimamia kwa nyuzi 90. Pima C mpaka D: lazima upate sm 3. Nusu ya kitako ni 4, upande ni 5, kimo 3. Fundi yeyote anayepatia kona za msingi kwa kamba anaijua hiyo 3, 4, 5 inayotoa kona ya nyuzi 90.

Kazini mara nyingi naanzia hapo hapo kwenye kimo, kwa sababu mwenye nyumba hasemi urefu wa mbao za mgongo, anasema paa liende juu kiasi gani. Basi unatafuta D kwanza, unafungua bikari kwa kimo ulichopewa, unaweka C juu ya ule mstari wa katikati, unaunganisha. Nukta yoyote ya mstari huo iko mbali sawa na A na B.

Na ukipewa pembe ya juu peke yake, ni rahisi zaidi: chomeka ncha penye kona, piga tao moja likate mikono yote miwili, unganisha hizo sehemu mbili.

Kwenye zege, bikari yangu ni msumari na mbao nyembamba yenye tundu la penseli. Zamani nilitumia kamba ya nailoni. Nyumba ya mita 8, mgongo mita 5 kabla ya upenu, nikavuta kamba kwa nguvu kushoto na kwa ulegevu kulia. Kenchi ya kwanza ikasimama kichwa upande, na mbao nilikuwa nimeshakata. Nailoni inavutika; mbao haivutiki.

Matao usiyafute. Mwalimu asipoyaona atajua umekisia. Mpwa wangu aliyafuta kwa mazoea, akaanza upya.