Kabla hujapanda juu ya paa na spektramu analaiza

Analaiza ni kifaa kinachoonyesha mawimbi ya redio yaliyopo hewani na nguvu yake. Betri yake chaji usiku, sio asubuhi unatoka. Adapta za N na SMA (aina za viunganishi vya kebo ya antena) beba za ziada, Kariakoo, katikati ya Dar, utazipata ila ukishakuwa juu ya paa Goba, pembezoni mwa jiji, huzipati. Cheki pia kifaa kinafika masafa gani, vingine vya bei nafuu vinaishia 960 MHz na linki yako (redio mbili zinazorushiana data hewani) ipo 5.8 GHz, hapo umebeba mzigo tu.

Usichomeke analaiza moja kwa moja kwenye redio inayorusha. Weka atenueta (kipunguza nguvu ya signali) katikati na usome kiwango cha mwisho cha nguvu kilichoandikwa kwenye analaiza, ukikizidisha unaua sehemu ya mbele na hiyo haitengenezeki kirahisi.

Kama huna analaiza na unatumia skani ya masafa iliyomo ndani ya redio yenyewe, jua kwamba redio nyingi zinakata linki wakati zinaskani, kwa hiyo waambie wateja mapema.

Sasa hili ndio nataka ulishike: PIMA PANDE ZOTE MBILI. Noizi, yaani kelele za mawimbi mengine hewani, inamuumiza anayepokea, sio anayetuma. Goba kunaweza kuwa kimya kabisa na Kariakoo kukawa kumejaa redio za kila mtu, na wewe upo Goba unaandika ripoti kwamba hewa ni safi.

Kuna linki nimeiona hivyo hivyo, Goba mpaka paa la ghorofa Kariakoo, mwenye duka ni mama wa biashara ya jumla, mfumo wa mauzo na kamera zote zinapita humo. Kila mchana mtandao unasuasua. Mafundi wakapima Goba peke yake kwa sababu ndio kuna pa kupaki gari na mlinzi wanamjua, wakakuta noizi -96 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, namba ikisogea karibu na sifuri ndio nguvu inapanda), basi wakasema hakuna mwingiliano, wakabadilisha kebo, wakabadilisha dishi, mwisho wakabadilisha na redio, vyote bili kwa mama. Dalili ilikuwepo wazi: signali -60 pande zote mbili lakini data kutoka Kariakoo kwenda Goba inakimbia, kurudi inatambaa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini upande mmoja tu.

Siku analaiza ilipopandishwa Kariakoo saa za biashara, antena imeelekezwa Goba, noizi kwenye chaneli yao ikasoma -74. Signali ni -60, ukitoa noizi ya -74 umebaki na desibeli 14, wakati modulesheni ya juu (namna ya kubeba data kwa kasi kubwa) inataka kama 30. Wakashusha upana wa chaneli kutoka 40 MHz kwenda 20, wakahamia chaneli iliyo safi kotekote, linki ikatulia. Redio ya zamani ingetosha kabisa na hela ya yule mama haijarudi. Inaniuma sana hii, mtu anauza rejareja na jumla toka alfajiri halafu unamla hela kwa sababu hukutaka kupambana na foleni ya kwenda mjini.

Ukipima tumia antena ile ile ya linki, urefu ule ule, uelekeo ule ule, na upime mawimbi ya wima na ya mlalo. RBW (upana wa kipande cha masafa ambacho analaiza inakisoma kwa mara moja) iwe moja pande zote, ukiibadilisha na namba ya noizi inabadilika, utalinganisha vitu visivyolingana. Washa max hold (inashikilia kiwango cha juu kabisa kilichoonekana) uiache muda mrefu, na kama linki inapita makazi ya watu rudi saa mbili usiku wakati wifi za majumbani zote zipo hewani. Ukiona mipigo mifupi inatokea na kupotea kati ya 5250 na 5350 MHz au 5470 na 5725 MHz inaweza kuwa rada, wewe ndio unapisha.

Piga picha za skrini zenye saa na tarehe. Mtu akikuingilia kwenye masafa uliyolipia leseni peleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na hizo picha, usianze kuongeza pawa kushindana naye, utaharibia na majirani. Mvua ikitanda shuka, mkanda wa usalama uvae hata paa likiwa tambarare, usipande peke yako, na funguo ya mlango wa paa ulizia kabla hujatoka nyumbani maana mwenye nayo mara nyingi yuko kijijini.